"Joto la wilaya" halina mkuu wa wilaya

Juzi tulikuwa Mwanga, hapa Kigoma mjini, tunakunywa chai, redio ikasoma habari ya nchi zinazoshirikiana "kuboresha na kuondoa makaa katika joto la wilaya". Mzee mmoja wa Buhigwe akaweka kikombe chini. "Kwetu milimani baridi ya Juni inakata masikio. Huyu DC wetu anangoja nini?" Tukacheka, ila mzee hakukosea. Aliyekosea ni mfasiri, na hii ni mara ya tatu naisikia.

Kinachosemwa, kwa Kiingereza "district heating", ni kwamba, badala ya kila nyumba kuwa na tanuri lake, maji yanachemshwa kwenye mtambo mmoja, yanapita katika mabomba yaliyofukiwa, yanapasha vyumba joto, kisha yanarudi yamepoa. Copenhagen karibu majengo yote yanaishi hivyo. Basi.

Sasa hilo "wilaya". Tumelitoa Kiarabuni, na asili yake ni nchi iliyo chini ya wali, yaani mtawala. Ukimtanguliza huyo wali kwa "al" ya Kiarabu unampata liwali, kama yule aliyekaa Tabora kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar enzi za misafara. Wilaya bila mtu wa kuitawala haipo. Neno la Kiingereza lililomponza mfasiri, "district", nalo, ukilifuata hadi Kilatini, lilihusu mamlaka, ila wenyewe wamelilegeza: leo linaweza kuwa mitaa miwili mitatu tu. Letu halijalegea. Nani anaita kata kama Katubuka wilaya?

Na wala si lazima kuwafuata Waingereza. Wajerumani na watu wa Denmark wanaliita joto la mbali, Wafaransa wanaliita joto la mjini. Mimi nasema joto la mabomba, kwa kuwa bila bomba hakuna kitu.

"Makaa" nayo hayakutakiwa pale. Kilichotakiwa ni ukaa, yaani hewa ya kaboni. Shina ni moja (Wakongo wanaoshuka bandarini bado wanasema makala, sisi tumeimeza ile l), lakini makaa unayashika yakakuchafua mikono, ukaa ukiwa hewani huna rangi wala harufu. Helsinki ilifunga mtambo wake wa mwisho wa makaa ya mawe mwaka 2025; hapo kweli makaa yameondoka. Mji ukiacha makaa ya mawe ukachoma gesi asilia, makaa yameisha, ukaa umepungua tu. Na sehemu kubwa ya joto la mabomba duniani, hasa China na Urusi, bado inatokana na kuchoma vitu hivyo viwili. Ushirikiano wenyewe si mpya: chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati kuna mpango wa utafiti wa pamoja tangu 1983. Siku hizi wanahangaika kushusha joto la maji bombani, ili pampu za joto (mashine zinazovuta joto hewani, majini au ardhini), joto la ardhini na lile linalotupwa na viwanda viweze kutosha.

Mtangazaji wetu, sauti yako tunaipenda. Safari ijayo soma "kupunguza ukaa kwenye joto la mabomba". Mzee wa Buhigwe atauliza mabomba yatapita wapi, na mtamjibu kwamba nyumba za kwao zimetawanyika mno, joto lingeishia njiani.