Jasho si mafuta yanayoyeyuka

Vueni hayo makoti ya mvua. Ukipita Coco Beach, Dar es Salaam, alfajiri ya Jumamosi utawaona: sweta nzito, juu yake koti la plastiki, tumboni nailoni iliyobanwa kwa mkanda, na mtu anakimbia akiamini kitambi kinayeyuka. Hakiyeyuki. Anachoma mafuta yaleyale ambayo angechoma akiwa na fulana nyepesi.

Jasho ni maji na chumvi. Kazi yake ni kupoza mwili, na hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka yote huondoa joto la takriban kilokalori 580. Linalodondoka chini halijapoza kitu. Mtungi nao hupoza maji kwa njia hiyohiyo: unachuruzika taratibu, upepo unakausha. Ufunge kwa nailoni uone kama maji yatapoa. Mwili uliofungwa hivyo huzidi kupata joto, jasho huzidi kutoka bila kukauka, na mapigo ya moyo hupanda kwa sababu damu inagombewa na misuli na ngozi. Mtu anadhani amefanya kazi kubwa, kumbe anajichemsha. Pwani, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, hatari iko karibu zaidi: misuli kukaza, kichefuchefu, kizunguzungu, kuzimia. Anayetumia vidonge vya presha vya kukojosha asithubutu kabisa.

“Mbona mizani imeshuka kilo nzima?” Umepoteza lita moja ya maji. Ukinywa, itarudi siku hiyohiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka nusu saa hutumia kama 150. Pigeni hesabu. Na mafuta yakiungua kweli, mengi hutoka kwa pumzi: katika kila kilo 10, kilo 8.4 hutoka kama hewa ukaa, 1.6 huwa maji.

Sasa lile ambalo mabango ya gym hayasemi: mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo tu, maana njaa nayo huongezeka. Lakini faida kubwa hazisubiri mizani. Kwa mwenye presha, namba ya juu hushuka kwa wastani wa pointi 5 hadi 8 hata kilo zisipobadilika. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na insulini huendelea kufanya kazi vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 72. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili hatakiwi kulimbikiza yote Jumamosi. Zisipite siku 2 mfululizo bila zoezi.

Mwaka 1953 mtafiti wa afya Jeremy Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva wao. Makondakta walipanda na kushuka ngazi kutwa, madereva walikaa.

Basi pimeni ukali wa zoezi kwa maongezi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ni zoezi la wastani. Kanuni ya 220 kutoa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, siiamini sana; hukosea kwa mapigo 10 na zaidi, na kwa anayemeza atenolol, dawa ya presha, haifai, kwani dawa yenyewe inayazuia mapigo yasipande. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka dakika 150 hadi 300 za namna hiyo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2. Wala 150 si mlango uliofungwa: anayetoka sifuri na kufika 60 tayari anafaidika, na dakika 10 baada ya kila mlo zinahesabiwa.