Sabuni ya majivu: ilikoharibikia

Maelezo mengi kuhusu sabuni ya wanawake wa mashambani Marekani, karne ya 19, huanzia kwenye sufuria. Mimi naanzia kwenye majivu, maana sabuni nyingi iliyoharibika iliharibikia huko.

Majivu mazuri yalitoka kwenye miti migumu kama mwaloni na hikori. Ya msonobari yana potashi kidogo, ile kemikali ya majivu inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Yaliwekwa pakavu majira yote ya baridi, kwani yakinyeshewa potashi huondoka na maji. Baridi ikiisha, yalishindiliwa ndani ya pipa lililotobolewa chini, juu ya vijiti na nyasi kavu. Maji ya mvua yalimiminwa kidogo kidogo, chini yakadondoka maji ya kahawia. Aliyewahi kuona munyu wa kupikia, wa majivu ya maganda ya maharage, ukichujwa magharibi mwa Kenya anaujua mtambo huu, ila haya ya sabuni yanababua ngozi.

Ukali ulipimwa kwa yai bichi. Likizama, maji ni dhaifu: yachemshwe yapungue, au yapitishwe kwenye majivu mapya. Likielea na kuacha nje sehemu yenye upana wa sarafu, yanafaa. Likilala ubavu juujuu, yamezidi ukali.

Mafuta yalikuwa mabaki ya jikoni na ya machinjo. Yalichemshwa na maji, yakaachwa yagande, uchafu na chumvi vikabaki chini. Aliyeruka hatua hii akatumia mafuta ya nyama iliyotiwa chumvi alijitakia shida, kwa sababu chumvi huzuia mchanganyiko kushikana. Kipimo cha zamani kinachotajwa sana ni takriban lita 210 za majivu na kilo 11 za mafuta kwa pipa moja la sabuni. Vilipikwa nje kwa saa nyingi, katika chungu cha chuma. Tone lililopoa kwenye sahani likizungukwa na duara la mafuta, maji ya majivu hayajatosha. Sabuni yenyewe ilikuwa rojorojo, kwani potashi haigandishi. Kuipata ya kipande kulihitaji chumvi, nayo iligharimu.

Kwenye nyanda za Kansas na Nebraska, ambako sheria ya Homestead ya 1862, ya kuwagawia walowezi ardhi, iliwavuta watu kwa ekari 160, miti ilikuwa haba. Waliwasha kinyesi kikavu cha nyati, ambacho majivu yake ni hafifu kwa kazi hii. Magunzi ya mahindi yalifaa zaidi. Balaa jingine lilikuwa maji magumu ya visima: chokaa yake hushikana na sabuni na kuacha utando wa kijivu kwenye nguo. Mvua nayo ilishuka na tope kutoka mapaa ya udongo na nyasi. Basi walitia maji ya majivu kidogo ndani ya maji ya kufulia, wakayapasha moto, wakaengua povu la chokaa lililopanda juu, ndipo wakaweka sabuni.