Kuku Akisinzia, Weka Kapsuli Chini

Mimi ni afisa mifugo wa kata. Maswali haya yanatoka kwa watu wanaofuga kuku wachache uani, watano, kumi, wengine wamewapa hadi majina.

Kuku wangu anasinzia, mbawa zimeshuka. Nimempa nusu ya kapsuli ya rangi mbili. Nimwongezee?
Hapana. Kwanza mtenge. Mweke peke yake kwenye boksi, pakavu, pasipo na upepo, na maji safi. Angalia kinyesi, sikiliza anavyopumua, papasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, kama limejaa. Kisha nipigie simu siku hiyohiyo. Wengi wenu hunipigia siku ya nne, kapsuli zikishashindwa, na hapo nakuja kuhesabu mizoga.

Mbona jirani alimpa wake akapona?
Alipona mafua madogo ambayo yangeisha hata bila dawa. Wale ambao hawakuponeshwa na kapsuli, jirani hawasimulii. Kapsuli hiyo ni antibiotiki, dawa ya bakteria; haiui virusi, na kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo, ni virusi. Ndui ya kuku nayo ni virusi. Tena kapsuli ile imepimwa kwa mtu mzima. Kuku wako ana kilo moja na nusu. Na dawa hubaki kwenye yai ambalo mtoto wako atalila kesho.

Basi nichanganye na pilipili na shubiri?
Mama yangu, hapana. Kideri hakina tiba. Si kapsuli, si pilipili, si majivu ndani ya maji. Ukiona kuhara kijani, kuhema mdomo wazi, shingo kupinda, na kuku kadhaa kuugua kwa mpigo, shuku kideri na unipigie. Kinga yake ni chanjo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima. Wazima, nasema. Kuniita nichanje wakati nusu wamelala ni kuchelewa. Kama chupa ina matone mengi kuliko idadi ya kuku wako, changeni na majirani mchanje siku moja.

Aliyezidiwa nimchinje, nyama isipotee?
Hapana. Wala usimkimbize gulioni. Damu, manyoya na matumbo hueneza ugonjwa uani kwako na kwa jirani. Akifa, mfukie shimo refu mbali na banda.

Magamba ya miguu yameinuka kama maganda. Nipake mafuta ya taa?
Hiyo ndogo. Ni utitiri wa miguu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki mkuukuu, kausha, paka mafuta ya mgando kwa wingi. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Magamba yaache yadondoke yenyewe. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na nimeshaona miguu iliyochunika kwa sababu hiyo.

Ananyonyoka manyoya na hatagi.
Akiwa anakula na amechangamka, pengine anabadilisha manyoya tu, kama kuku hufanya karibu kila mwaka. Mwache. Lakini usiku chukua tochi ukachungulie banda. Kuna utitiri mwekundu unaojificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Ukimpaka kuku dawa ukaacha nyufa, umefanya kazi bure.

Anachuchumaa na kujikamua, yai halitoki.
Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu yafike tumboni, dakika kama 20. Mkaushe, paka mafuta kidogo kwenye tundu, mweke pa giza na kimya. Usijaribu kulivunja yai likiwa ndani. Zikipita saa chache bila yai, mlete.

Mdomoni na kwenye upanga wa kichwani ana vidonda vya ndui. Nivibandue?
Usibandue. Vya upangani kwa kawaida hukauka ndani ya wiki chache. Vya mdomoni ndivyo vinavyonitisha, kwa sababu hashindwi kula tu, hata hewa humkosa. Huyo mlete leo.

Nimebakiwa na kapsuli nne. Nizitunze kwa ajili ya kuku?
Aliandikiwa nani? Kama ni wewe, ulipaswa kuzimaliza. Rudi zahanati ulikopewa, ukawaeleze uliishia wapi.