Mtumishi wa umma umeumia kazini: yanayosemwa korido na yalivyo kweli

"WCF ni ya watu wa viwandani na migodini." Hii ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, naisikia mno, tena kwa walimu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inawahusu waajiriwa wa serikali na wa sekta binafsi, Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria yao). Mfuko ulianza Julai 2015. Bwana shamba aliyeteleza na pikipiki akienda kwa mkulima yumo, na dereva wa halmashauri yumo.

"Si wananikata kila mwezi?" Hapana. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Makato ya matibabu unayoyaona kwenye salari slipu ni ya bima ya afya, na hapo ndipo kosa kubwa linapozaliwa.

"Nina kadi ya bima, inatosha." Kadi itakutibu, basi. Haijui kama mguu ulivunjika kazini au kwenye bonanza la Jumamosi. Ukiumia kazini, gharama za matibabu ni za Mfuko, na mambo hayaishii hapo: ukishindwa kufanya kazi kwa muda, kuna asilimia 70 ya mshahara hadi miezi 24, ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 ni pensheni ya kila mwezi, usipozidi ni malipo ya mkupuo. Kuna utengamao, yaani kusaidiwa kurudi kwenye hali ya kufanya kazi, kuna hata malipo ya anayekuhudumia. Sasa mtu anafika dirishani, anatoa kadi, daktari anamuuliza imekuwaje, anajibu "nilianguka tu" ili amalize foleni. Daktari anaandika hivyo hivyo. Miezi sita baadaye, karatasi hiyo ndiyo ushahidi. Sema ulianguka wapi, saa ngapi, ukifanya kazi gani.

"Nilizembea mwenyewe, nitadai nini?" Fidia hii haitafuti mwenye kosa. Ukorofi wa makusudi, kama kulewa kazini, ni habari nyingine.

"Ah, sindano tu." Wauguzi, hili ni lenu. Kuchomwa na sindano iliyomtoka mgonjwa ni ajali ya kazini hata kama damu haikutoka tone. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na hunywewa siku 28. Homa ya ini aina ya B nayo huambukizwa hivyo hivyo. Osha kwa sabuni na maji, mwambie msimamizi, iandikwe siku hiyo hiyo. Ukinyamaza leo, kesho utathibitishaje kwamba maambukizi uliyapatia wodini?

"Utumishi watamaliza wenyewe." Wapo wanaomaliza, na ipo droo ambamo faili hulala usingizi wa pono. Kazi yako ni kumpa mwajiri taarifa mapema. Yake ni kuifikisha kwa Mfuko ndani ya siku 7. Madai yana ukomo wa miezi 12. Mimi ningeandika barua fupi, nakala mbili, na ile ya kwangu nisingeondoka masijala kabla haijagongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe.