Ushahidi wa tiba hupangwa kabla ya mgonjwa wa kwanza

Tangu ipitishwe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, watu wanauliza hadi huku mialoni: kwa nini dawa hii imo kwenye kitita cha mafao na ile haimo? Wengi hudhani ni pesa tu. Pesa zimo, lakini kuna tiba inayokwama kwa sababu utafiti wake haukujibu swali la anayeamua.

Tuchukue utafiti wa DoRIS, ulioanza hapa Mwanza mwaka 2017. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipewa dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo huchukua miaka mingi kujitokeza, na serikali haiwezi kusubiri muda wote huo. Ikaamuliwa mapema kupima kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, kwenye damu, na kuwalinganisha waliopata dozi moja na wenzao wa Costa Rica na India ambao dozi moja ilishaonekana kuwakinga.

Mpango huo ndio uliookoa jahazi. Majibu yalipotoka, dozi moja ilitoa kingamwili chache kuliko mbili au tatu, na msomaji wa juu juu angesema imeshindwa. Swali lakini lilikuwa kama moja inatosha. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliopata dozi moja bado walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV aina ya 16 na 18, zile zinazosababisha saratani hiyo zaidi. Ushahidi huu, pamoja na wa kwingineko ikiwemo Kenya, uliifanya WHO, Shirika la Afya Duniani, kuikubali dozi moja mwaka 2022. Tanzania ilihamia huko mwaka 2024.

Mpango mzuri huweza kuharibikia kwenye kalenda. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Akishiriki utafiti, mpangie kurudi kliniki siku za giza uone kama atatokea! Asipoonekana, hujui kama amepona, amezidiwa au amehamia kambi nyingine, na mfuko wa bima hauwezi kulipia jambo usilolijua.

Kwa hiyo ukiombwa kushiriki utafiti, ukishaelezwa madhara na haki yako ya kujitoa, uliza pia: tiba hii inalinganishwa na ile tunayopewa sasa, au na kitu gani? Mtanifuatilia kwa muda gani? Majibu yatapelekwa kwa nani, na ataamua nini?