Bega moja, programu mbili, majibu mawili

Mwaka jana nilikuwa nakagua meza mpya za mafundi cherehani, zenye reli ya nyuzi juu ya mashine. Kabla mbao hazijakatwa, nilimkalisha pale, kwenye kompyuta, mwanamke wa kidijitali (modeli ya mwili wa binadamu) wa pasentaili ya 5, yaani katika wanawake 100, watano tu ndio wafupi kuliko yeye. Kwenye programu ya kwanza aliishika reli. Kwenye ya pili, meza ile ile na pasentaili ile ile, mkono haukuifikia reli, ulipungukiwa upana wa vidole viwili. Mwenye karakana akaniuliza wakate kwa kipimo kipi, nami sikuwa na jibu.

Siku mbili nilitafuta chanzo, nikakikuta begani. Inua mkono wako juu kabisa huku kiganja cha pili kikiwa begani: utasikia mtulinga na kombe la bega vikipanda pamoja na mkono. Kitovu cha kiungo hakitulii mahali pamoja. Programu ya kwanza ililifuata hilo. Ya pili ililigandisha bega kama bawaba ya mlango.

Halafu programu hiyo ya pili ilikuwa imechukua urefu wa kila sehemu ya mwili kwa pasentaili ya 5 na kuziunganisha. Ukijumlisha hivyo unapata mtu mfupi kuliko pasentaili ya 5 ya kimo. Gilbert Daniels wa jeshi la anga la Marekani alilionyesha jambo la jamii hiyo mapema miaka ya 1950: kati ya marubani 4,063, hakuna hata mmoja aliyekuwa wa wastani kwa vipimo vyote kumi.

Viwango vipo, vya ISO, shirika la kimataifa la viwango. ISO 7250-1 inaeleza futi iwekwe wapi mwilini. Lakini futi hupita juu ya ngozi, na modeli inazungukia viungo vilivyo ndani; njia ya kutoka nje kwenda ndani kila mtengenezaji anajichorea. ISO 15536 ya 2005 na 2007 inahusu modeli zenyewe, pamoja na kuhakiki vipimo vyake. ISO/IEC 19774 inavipa viungo majina na mpangilio, ili mwili mmoja uweze kuhamishwa kutoka programu hadi programu. Hiyo ni kazi kubwa, ila jina la bega halikwambii linapanda kiasi gani.

Ninachokitaka ni jaribio la pamoja: mikao ile ile, watu halisi waliopimwa, kila programu itangaze imekosea kwa milimita ngapi. Itaje pia vipimo vyake ni vya nani, maana wengi wetu bado tunatumia vya wanajeshi wa Marekani vya 1988, vijana wenye afya waliochujwa, kumchorea meza mama anayeshona Mbagala.

Ile karakana nilirudi na futi, nikamwomba fundi mfupi kuliko wote akae na kunyoosha mkono. Reli tuliishusha.