"Fungu Halijatoka" Lina Mpaka Wake

Ulizia zahanati iliyoishiwa dawa, iwe Mkinga au Handeni, na jibu utakalopewa halibadiliki: fungu halijatoka. Mara nyingi ni kweli. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao 1976, unatambua kuwa fedha hazitoshi. Unaitaka serikali itimize haki hizo hatua kwa hatua, kwa kadiri ya uwezo wake wote. Hakuna anayedai kila kijiji cha Muheza kijengewe hospitali kama Bombo, ile ya rufaa ya mkoa wa Tanga, kesho asubuhi.

Lakini "hatua kwa hatua" ni maneno matamu kwa mtu asiyetaka kuanza. Kwa hiyo mwaka 1990 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo, katika Maoni ya Jumla Namba 3, yaani ufafanuzi wake wa mkataba, iliweka kiwango ambacho serikali haipaswi kushuka chini yake. Nchi yenye watu wengi waliokosa chakula cha lazima, huduma ya afya ya msingi, mahali pa kujisitiri au elimu ya msingi kabisa, inahesabiwa kuwa imeshindwa wajibu wake. Ikijitetea kwamba haina fedha, ni juu yake kuonyesha kuwa kila ilichonacho ilikielekeza kwanza huko. Mwananchi halazimiki kuthibitisha kwamba hazina imejaa. Serikali ndiyo inayopaswa kufungua vitabu.

Chukua maji, ambayo kamati iliyatolea Maoni Namba 15 mwaka 2002. Jiji la Tanga hutegemea Mto Zigi na bwawa la Mabayani. Kudai bomba ndani ya kila nyumba ni kudai jambo la hatua kwa hatua. Kudai kila mtu apate maji salama ya kunywa, kupikia na kunawa, yanayotosha kumkinga na maradhi, hilo ni la kiwango cha chini. Basi ukisoma bajeti, tazama kilichotangulia: kisima cha mtaa wa pembezoni, au samani mpya za ofisi?

Kutobagua nako hakusubiri bajeti. Kumhudumia mwenye ulemavu sawa na wengine ni wajibu wa leo, na vivyo hivyo, kabla ya kumhamisha mtu kwenye nyumba yake ni lazima ashauriwe na apewe taarifa mapema.

Mahakamani njia ni nyembamba. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inataja haki ya kufanya kazi na kupata elimu, ila Ibara ya 7 inazizuia mahakama kulazimisha utekelezaji wa sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo. Hata Afrika Kusini, yenye katiba inayosifiwa sana, Mahakama ya Katiba ilikataa mwaka 2009, katika kesi ya Mazibuko, kutaja lita ngapi za maji ni haki ya mtu. Ilipima tu kama mpango wa serikali ulikuwa wa busara. Kwa maoni yangu, hoja hii ya kiwango cha chini ina nguvu zaidi kwenye mikutano ya mtaa na kwa madiwani, kabla bajeti haijapitishwa.

Ikishindikana huko, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Malalamiko anaweza kuyapeleka aliyeathirika mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake. Andika huduma iliyokosekana, tangu lini, nani aliulizwa na alijibu nini.